Ukimya wa Mwenzako wa Mbali: Wanafunzi Wanaotengeneza Programu Pamoja Wakiwa Nchi Tofauti

Tuanze na mfano. Kijana wa parokia yako yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma kompyuta. Muhula huu amepangiwa kutengeneza programu ya simu pamoja na wanafunzi wengine watano. Mmoja anasoma naye darasani, wawili wako Ujerumani, na wawili wako India. Hao wanne hajawahi kuwaona uso kwa uso, na huenda asiwaone kamwe. Mwisho wa muhula wote sita watapewa alama ileile.

Jumatatu ya wiki ya tatu kijana huyu anawaandikia wenzake wa India kuwauliza sehemu yao itakuwa tayari lini. Jumanne kimya. Jumatano kimya. Alhamisi anamwambia mwenzake wa darasani, "Hawa watu hawako makini, watatuangusha." Wawili hao wanakesha siku tatu na kuitengeneza sehemu ile wao wenyewe. Jumatatu inayofuata wale wa India wanarudi wamechangamka, na sehemu yao imekamilika. Walikuwa nyumbani kwa sikukuu ya Diwali, nao walidhani kila mtu anajua. Sasa kuna sehemu mbili za kazi moja, hakuna anayetaka kuitupa ya kwake, na maneno makali yameshaandikwa ambayo hayafutiki.

Mfano huu nimeutunga, lakini mambo yaliyomo hutokea mara nyingi, na watafiti wameyachunguza kwa zaidi ya miaka 20. Katika makala haya nitaeleza timu za namna hii hufanyaje kazi, kwa nini nyingi huyumba, na kwa nini kinachoziumiza zaidi si upungufu wa ujuzi bali ukimya usioelezwa. Sisi tusioandika programu nasi tunahusika. Kamati zetu nyingi siku hizi hukutana kwenye simu, na wengi wetu tumewahi kumhukumu mtu kwa sababu hakujibu ujumbe.

Timu hizi zilianzaje

Vyuo vikuu vilianza kuwaunganisha wanafunzi wa nchi tofauti kwa kazi za programu mara tu intaneti ilipoenea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden na Chuo Kikuu cha Grand Valley State katika jimbo la Michigan, Marekani, vilianzisha mradi ulioitwa Runestone. Wanafunzi waliwekwa katika timu ndogo, kila timu ikiwa na watu wa pande zote mbili. Kazi yao ilihusu mchezo wa watoto wa Sweden: ubao wenye njia zinazopindapinda na matundu mengi, ambapo mchezaji huuinamisha ubao huku na huku ili gololi ya chuma ifike mwisho bila kutumbukia. Wanafunzi walitakiwa kuandika programu ya kuiongoza gololi hiyo kwa mota na kamera, huku mtumiaji akiwa mbali, kwenye intaneti.

Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Mälardalen cha Sweden na Chuo Kikuu cha Zagreb cha Kroatia vilianzisha kozi ya pamoja ya kutengeneza programu kwa timu zilizotawanyika. Mwaka 2005 ukaja mpango wa Google Summer of Code, unaowapa vijana kazi katika miradi ya programu huria chini ya walezi walio popote duniani. Kwa miaka mingi ulikuwa wa wanafunzi pekee. Tangu 2022 umewafungulia mlango waanzaji wengine pia.

Afrika Mashariki nayo imo katika historia hii. Programu huria ya OpenMRS, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza mwaka 2004 kutokana na kazi ya matibabu ya UKIMWI huko Eldoret, Kenya, ambako Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Tangu 2007 OpenMRS imekuwa ikipokea vijana kupitia mpango ule wa Google. Kwa hiyo programu inayofunguliwa katika zahanati ya kwetu inaweza kuwa imepita mikononi mwa wanafunzi wa nchi nyingi ambao hawajawahi kukaa chumba kimoja.

Kwa nini programu haigawanyiki kama shamba

Mtu anaweza kusema: gawaneni kazi, kila mtu amalize kipande chake, kisha mviunganishe. Kulima kunaruhusu hivyo. Watu sita wakilima ekari sita, kila mmoja na yake, hawahitaji kusemezana sana. Programu haiko hivyo. Kipande ninachoandika mimi kinaita kipande chako, nacho kinaita cha mwenzetu. Ukibadilisha jina la kitu kimoja bila kuniambia, changu kinaacha kufanya kazi.

Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo mkubwa wa kompyuta katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kitabu kiitwacho The Mythical Man-Month. Humo alieleza kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa huifanya ichelewe zaidi. Sababu mojawapo ni hesabu nyepesi. Watu watatu wana njia tatu za kuzungumza wawili wawili. Watu sita wana njia 15. Watu kumi wana njia 45. Kila njia ni mahali ambapo habari inaweza kupotea.

Katika kitabu hichohicho Brooks alitenga sura nzima juu ya Mnara wa Babeli. Alikitazama kisa hicho kwa jicho la mhandisi na kujiuliza: wajenzi wale walipungukiwa nini? Lengo walikuwa nalo, tena wazi. Watu walikuwapo, matofali yalikuwapo, na muda haukuwabana. Kilichowapotea ni kuelewana, na kwa kukosa kuelewana wakakosa utaratibu. Kazi ikasimama, wakatawanyika. Wanafunzi wetu huanza wakiwa wametawanyika tayari, kwa hiyo inawabidi kuitafuta kwa makusudi lugha moja ambayo wale wa Babeli walikuwa nayo mwanzoni bila kuihangaikia.

Miaka michache kabla ya Brooks, mwaka 1968, Melvin Conway alitoa hoja nyingine ambayo wahandisi bado huirudia: mfumo unaotengenezwa na kundi la watu hufanana na jinsi watu hao wanavyozungumza. Turudi kwenye ile gololi ya Runestone. Tuseme wa Sweden wanashika kamera na wa Marekani wanashika mota, na pande mbili hizo hazizungumzi vizuri. Kamera itaona gololi vizuri, mota zitauinamisha ubao vizuri, lakini kati yao patakuwa na ufa. Habari ya kamera itachelewa, au itafika katika sura ambayo mota hazikuitarajia, na gololi itatumbukia. Ukitaka kujua timu ilinyamaziana wapi, angalia programu yao inavunjika wapi.

Umbali na saa

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Thomas Allen wa chuo cha MIT, Marekani, alichunguza jinsi wahandisi wanavyozungumza kazini, akakuta mazungumzo hupungua haraka kadiri meza zao zinavyotengana. Wakishafika umbali wa kama mita 50, huwa wanazungumza mara chache sana. Kama ukumbi tu unaweza kukata mazungumzo, bahari itafanya nini? Mwaka 2003 watafiti James Herbsleb na Audris Mockus walichapisha uchunguzi wao kuhusu kampuni ya mawasiliano iliyokuwa na wahandisi katika nchi kadhaa. Waliona kwamba kazi iliyohusisha vituo zaidi ya kimoja ilichukua karibu mara mbili na nusu ya muda wa kazi kama hiyo iliyofanywa mahali pamoja. Watu hao hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wataalamu wanaolipwa.

Juu ya umbali kuna saa. Eldoret ikiwa saa tatu asubuhi, mji wa Indianapolis bado uko usiku wa manane, saa saba au saa nane kwa hesabu yetu, kutegemea majira. Ofisi za kule zinapofunguliwa, huku ni saa kumi au saa kumi na moja jioni. Swali lililoulizwa asubuhi Eldoret linapata jibu jioni kama mambo yamekwenda vizuri. Jibu hilo likiwa na swali ndani yake, siku nyingine imeondoka. Jambo ambalo watu wa chumba kimoja wangelimaliza kwa dakika mbili linaweza kula siku tatu.

Saa za wenzetu nazo hazitulii. Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatubadilishi. Kwa hiyo kuna majuma katika mwaka ambapo kikao kilichokuwa kikienda vizuri kinawakuta watu nusu wamefika na nusu hawapo, na kila upande unaona mwenzake ndiye aliyekosea.

Mswahili ana mtego wake wa ziada. Akisema kichwani mwake "saa tatu" na kuandika 3:00, mwenzake atafika saa tisa. Dawa yake ni kuandika saa kwa mtindo wa 09:00 au 15:00, na kutaja ni saa za wapi. Tarehe nazo ni vivyo hivyo. Kwetu 04/03 ni tarehe nne Machi, lakini kwa Mmarekani ni tarehe tatu Aprili. Andika jina la mwezi.

Usidhani haya ni madogo. Mwaka 1999 chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi kwa sababu kundi moja lilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na kundi lingine likazisoma kana kwamba ni za vipimo vya metriki. Wote walikuwa wataalamu, tena wote wa nchi moja. Kila upande ulidhani upande wa pili unajua.

Ukimya una maana nyingi

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mwaka 2001 mtafiti wa Marekani, Catherine Cramton, alichapisha uchunguzi wake juu ya timu 13 za wanafunzi waliotawanyika, waliofanya kazi ya pamoja kwa njia ya kompyuta. Hawakuwa waandishi wa programu, lakini waliyoyapitia yanafanana kabisa na ya wanafunzi wa programu, na uchunguzi wake hutajwa mara nyingi na wanaofundisha timu hizi.

Aliona matatizo matano yakijirudia. La kwanza, watu hawakuwaeleza wenzao hali ya mahali walipo, au walielezwa wakasahau: mitihani, likizo, kompyuta chache, kazi za kozi nyingine. La pili, habari haikuwafikia wote sawa. Mmoja aliachwa nje ya barua pepe, naye hakujua kwamba hajui. La tatu, jambo ambalo mwandishi aliliona zito, msomaji alilipita kama dogo. La nne, wengine walipata habari haraka na wengine polepole, kwa hiyo wenye kasi wakaona wenzao wanajivuta. La tano lilikuwa ugumu wa kujua ukimya una maana gani.

Tulifikirie hilo la tano. Mtu aliye mbele yako akinyamaza, unauona uso wake. Unajua amekubali, amechukia, amesinzia au anafikiri. Wa mbali akinyamaza, huoni kitu. Huenda amekubali, akaona hakuna haja ya kusema. Huenda amekataa, lakini hajui aseme vipi bila kukuudhi. Huenda anaumwa, amesafiri, au mtandao umekatika. Huenda hajauona ujumbe, au ameuona lakini hakujua kwamba unasubiri jibu. Kwetu huku tuongeze: umeme umekatika tangu jana, au bando limekwisha na boom halijaingia.

Sababu ziko nyingi, nasi hatuijui hata moja. Lakini akili ya binadamu haipendi pengo, hivyo hulijaza. Cramton aliona kwamba mara nyingi tunalijaza kwa tabia ya mtu kuliko kwa hali aliyomo. Nikichelewa mimi, ni kwa sababu ya umeme. Akichelewa yeye, ni kwa sababu ni mvivu. Umeme wangu ninauona, wake siuoni.

Jambo lenyewe linaweza kwenda mbali. Likitokea mara mbili au tatu, "yule" anageuka kuwa "wale": wale Waafrika, wale Wahindi, wale Wazungu. Kozi iliyoanzishwa ili vijana wa mataifa wafahamiane inaweza kuwarudisha makwao kila mmoja akiwa na dharau mpya aliyodhani ameithibitisha kwa macho yake. Hasara hiyo ni kubwa kuliko alama, kwa sababu kijana ataibeba miaka mingi baada ya programu ile kusahaulika.

Kuaminiana kwa haraka, kuvunjika kwa haraka

Mwaka 1999 watafiti wengine wawili, Sirkka Jarvenpaa na Dorothy Leidner, walichapisha uchunguzi wao juu ya timu za wanafunzi walioishi nchi tofauti na kuwasiliana kwa kompyuta tu. Waliona kwamba watu wasiojuana wanaweza kuaminiana haraka sana. Hawana muda wa kuchunguzana, kwa hiyo huamua kuanza kana kwamba wanaaminiana tayari. Lakini kuaminiana huko ni dhaifu na hakudumu chenyewe. Kunahitaji kulishwa kila siku.

Kilichokulisha hakikuwa kuandikiana sana. Timu zilizobaki zikiaminiana ni zile ambazo mawasiliano yao yalitabirika. Watu waliaga kabla ya kupotea, na waliposema watarudi Ijumaa, walirudi Ijumaa. Ujumbe ulipofika, mtu alijibu kwa maana, akaonyesha ameusoma. Timu nyingine ziliandikiana sana mwanzoni, zikachangamka, kisha mtu mmoja akatoweka bila neno, wa pili akamfuata, na wa tatu akabaki anauliza kama kuna mtu yeyote huko.

Zana zinasaidia wapi na zinaishia wapi

Siku hizi timu karibu zote hutumia Git, mfumo uliotengenezwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux. Nitaueleza kwa ufupi. Kila mwanafunzi ana nakala kamili ya kazi nzima kwenye kompyuta yake. Akibadilisha kitu, huhifadhi badiliko hilo pamoja na jina lake, saa, na maneno machache ya kueleza alichofanya. Baadaye mabadiliko ya wote huunganishwa. Kama wawili wamegusa mstari uleule kwa namna tofauti, mfumo hukataa kuamua. Huwaonyesha mgongano na kuwaachia wenyewe wachague.

Uzuri wake ni kwamba mtu anaweza kufanya kazi hata mtandao usipokuwapo, kisha akaituma utakaporudi. Kwa mwanafunzi wa kwetu hilo ni jambo kubwa. Tena kila badiliko lina historia: nani, lini, na kwa nini.

Lakini Git hulinda msimbo, haiwalindi watu. Itakuonyesha kwamba mwenzako hajatuma kitu kwa siku tano, bila kukwambia kama anaumwa. Itaona mstari mmoja ulioandikwa na watu wawili. Ila wawili wakiitengeneza sehemu ileile katika faili mbili tofauti, kama wale wa mfano wetu, haitaona mgongano wowote. Mgongano huo uko kwa watu, nao ndio unaopaswa kuutatua.

Vikao vya video navyo vina faida na hasara. Kuonana uso hata mara moja mwanzoni kunasaidia sana, maana ukishasikia kicheko cha mtu, ni vigumu zaidi kumfikiria vibaya. Mpango wa Google niliotaja huweka majuma kadhaa ya kufahamiana kabla kazi haijaanza rasmi. Lakini video hula bando, na mwenye mtandao dhaifu huishia kuzima kamera, akisikia nusu ya maneno na kuona aibu kuomba yarudiwe. Kikao kikiisha bila maandishi, yeye ndiye asiyejua kilichoamuliwa. Maandishi mafupi baada ya kila kikao yanamrudishia mahali pake mezani.

Adabu zetu na lugha ya kazi

Mara nyingi lugha ya timu hizi ni Kiingereza, nacho si lugha ya mama ya wengi kati yao. Anayekijua zaidi huzungumza zaidi, na baada ya muda anaonekana ndiye mwenye akili zaidi. Kiongozi mwema wa timu huomba maoni kwa maandishi kabla ya kikao, ili mwenye Kiingereza cha polepole apate muda wa kuyapanga mawazo yake.

Sisi nasi tuna adabu zetu. Tumelelewa kutomkatalia mtu usoni, hasa mkubwa. Mlezi wa mradi akiuliza kama sehemu itakuwa tayari Ijumaa, kijana hujibu ndiyo, akimaanisha "nimekusikia na nitajitahidi." Mlezi wa Ulaya ameandika Ijumaa kwenye kalenda. Ijumaa ikipita, kijana anaona haya, na kwa sababu ya haya ananyamaza. Ukimya wake ni wa heshima, lakini unasomwa kama dharau. Wenzetu nao wana kawaida ya kuandika kwa ufupi bila salamu, "Hii haifanyi kazi, rekebisha," nasi tunasoma ukali ambao mwandishi hakuuweka. Kila upande unapaswa kusogea kidogo. Mmoja ajifunze kwamba kusema "sitaweza kwa Ijumaa, nipe mpaka Jumanne" ni heshima, kwa sababu kunampa mwenzake nafasi ya kupanga. Mwingine ajifunze kuanza na salamu.

Mambo sita ya kufanya

Kama wewe au kijana wako mko katika timu ya namna hii, haya yatasaidia.

Kwanza, juma la kwanza lisiwe la msimbo. Kila mtu aandike ukurasa mmoja: yuko wapi, saa gani hupatikana, sikukuu na mitihani yake ni lini, mtandao wake ukoje, na aitwe jina gani. Ukurasa huo ukae mahali ambapo wote wanauona.

Pili, wekeni kanuni ya jibu. Kwa mfano, kila ujumbe unaouliza kitu ujibiwe ndani ya saa 24, hata kama jibu ni "nimeuona, nitajibu kesho." Neno moja linatosha kuuondoa ukimya.

Tatu, aga kabla ya kuondoka. Ukijua hutapatikana siku mbili, sema mapema na taja siku ya kurudi. Ukikatika ghafla, kitu cha kwanza unaporudi kiwe maelezo, kabla hujatuma kazi.

Nne, sema umekwama ukiwa bado umekwama kidogo. Kuuliza si ujinga. Aliyekwama siku moja anaokolewa kwa nusu saa. Aliyeficha majuma mawili ameikwamisha timu nzima.

Tano, uamuzi usioandikwa uhesabiwe kwamba haujafanyika. Mkikubaliana kwa sauti au pembeni wawili wawili, mmoja aandike mistari mitatu kwa wote: tumeamua nini, nani atafanya, na lini.

Sita, kabla ya kumhukumu aliyekaa kimya, muulize, tena peke yake na si mbele ya kundi. Usimuulize "Mbona hufanyi kazi?" Muulize "Uko salama? Kuna kitu tunaweza kukupunguzia?" Wapo watakaokuwa wavivu kweli, maana wavivu wako kila nchi. Lakini utawajua baada ya kuuliza, na hapo mwalimu atakuwa na jambo la wazi la kuamua badala ya manung'uniko.

Tumalizie tulipoanzia. Kijana wa mfano wetu alikesha siku tatu akijenga kitu kilichokuwa kimeshajengwa. Alikuwa na kompyuta, ujuzi na bidii. Kilichokosekana ni sentensi mbili tu: moja kutoka India kabla ya sikukuu, "Tutakuwa nyumbani mpaka Jumatatu," na moja kutoka kwake siku ya Jumatano, "Kuna tatizo? Tusubiri au tusaidie?" Yoyote kati ya hizo ingetosha.

Basi, ndugu msomaji, leo jioni ukifungua simu na kukuta mtu wa jumuiya au kamati yako hajajibu tangu juzi, jiulize kwanza unajua nini hasa juu ya ukimya wake. Kama hujui, mpigie simu. Na kama wewe ndiye unayedaiwa jibu, mwandikie sasa hivi hata neno moja, kabla hajalijaza pengo hilo yeye mwenyewe.